Shangazi Aje Aombe Maji

Arua, Jumapili, tarehe 22 Juni 2025

Baba yangu mpendwa,

Assalam aleikum. Kabla sijaendelea nimejiwekea nadhiri: barua hii itasema yote, na sitaichana kama nilivyochana zile za kwanza. Naiandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha uliyotoka nayo jeshini ukatufundisha nyumbani, na kwa sababu nataka uisome mwenyewe huko Oraba, bila kumwomba karani yeyote akusomee Kiingereza.

Goti lako linaendeleaje? Nimesikia mvua imeharibu njia ya mpakani na malori yanalala foleni. Tafadhali usisimame muda mrefu kwenye tope, hata kama wenye mizigo wanakuhimiza. Mama naye, kile kikohozi kimemwacha? Bibi yetu Haboba bado anaona uzi wa sindano, au sasa anamwita mtu amtungie? Na pampu ya maji ya karibu na msikiti imetengenezwa, au kina mama wa Koboko bado wanapanga madumu tangu alfajiri? Nauliza kwa sababu nikisoma fizikia naiwaza pampu hiyo. Unajua bado nataka kuwa mhandisi wa maji. Hilo halijabadilika, na nakuomba ulikumbuke wakati unasoma haya yanayofuata.

Mimi mwilini ni mzima. Sukari na sabuni vilifika, na ujumbe wako pia. Dereva wa teksi aliutoa palepale getini, kwa sauti kubwa, kama ulivyomwagiza: "Baba yako anasema, Kampala iko yako sasa! Usirudi nyuma!" Mzee wa geti alicheka sana. Mimi nilishindwa kucheka.

Najua Mwalimu Mkuu alikupigia simu. Alikuambia kuwa nimeingia mstari wa mbele, huo unaoitwa Kampala, kwamba shule iko tayari kuniwekea nafasi ya kidato cha tano na cha sita hata kabla ya mtihani wa taifa, na kwamba anataka jibu lako kabla muhula haujafungwa. Najua pia umefurahi na umewaambia watu. Baba, nakuomba usimjibu kwanza. Soma mpaka mwisho, halafu uamue, kwa sababu mwenye kuamua ni wewe.

Sijawahi kukueleza sawasawa jinsi tunavyokaa. Darasani kwetu hakuna mtu mwenye mahali pake. Kila baada ya jaribio makamu wa mwalimu mkuu huja kusoma majina kuanzia wa kwanza, na kila anayetajwa huinua dawati lake akalipeleka mahali papya. Wasichana wameipa mistari majina ya miji ya barabara yetu. Wa mbele ni Kampala. Unaofuata ni Karuma, halafu Pakwach, Nebbi, Arua, Koboko, na wa mwisho kabisa, unaogusa ukuta wa nyuma, ni Oraba. Anayefukuzwa kwa alama mbaya husemwa kwamba amevuka mpaka kwenda Kaya. Nilipokuwa kidato cha pili nilikaa Koboko muda mrefu, wakawa wananitania, "Wewe iko kwenu hapo, utatoka namna gani?" Nilicheka pamoja nao. Lakini wanapolitaja jina la Oraba kama jina la uchafu, mimi nakuona wewe, umesimama kwenye vumbi, unabishana na watu wa forodha, na makaratasi ya mizigo kwapani, ili mimi nisome.

Kubeba madawati si tatizo, tumezoea. Tatizo ni kwamba anayekaa jirani yako ndiye anayengoja mahali pako. Nikimweleza mwenzangu swali la hesabu, nimemsaidia kunipita. Kwa hiyo hatuelezani. Kuzungumza kumekatazwa tangu asubuhi mpaka baada ya chakula cha jioni, na ikifika jioni tunakuta hatuna la kusema. Kiwanja cha netiboli kimelimwa, sasa kina mahindi. Siku ya Idi sisi Waislamu tuliomba ruhusa ya kukaa pamoja kidogo tu, tunywe chai na tuimbe. Tuliambiwa tusali kisha turudi darasani. Tulisali, tukarudi.

Na alfajiri tunasoma tukiwa tumetia miguu kwenye beseni la maji baridi ili usingizi usitushike. Usidhani ni adhabu. Ni desturi ya hapa, dada wakubwa walituachia, na kila msichana ana beseni lake chini ya dawati. Wewe siku ya wazazi uliyaona yale mabeseni yamepangwa vizuri ukutani, ukamwambia Mama, "Ona usafi wa hawa watoto."

Sasa nikuambie habari za Ayikoru. Ni yule msichana mrefu aliyekubebea kiti siku ile, mtoto wa wakulima wa upande wa Vurra. Ndiye aliyekuwa akishika nafasi ya kwanza tangu tulipoingia kidato cha tatu. Zamani alikuwa anaimba akifua nguo, nyimbo za kanisani za Kilugbara, na hata sisi tusiozijua tulikuwa tunaitikia. Muhula uliopita aliacha kuimba. Muhula huu akaacha chakula cha mchana, akawa anabaki darasani na kitabu, akilamba unga wa kahawa kutoka kiganjani. Miguu yake ilikuwa imepauka na kupasuka kwa maji ya beseni. Nilimwambia aende kwa muuguzi. Aliniuliza, "Nikienda, nani atasoma kwa ajili yangu?"

Siku ya jaribio la hesabu aliandika jina lake, kisha akaitazama karatasi mpaka kengele ikalia. Hakuandika kitu kingine. Kabla karatasi hazijakusanywa alisimama na kuinua dawati lake. Tulifikiri amechanganyikiwa, anahama kabla ya majina kusomwa. Alipita Karuma, akapita Nebbi, akaipita hata Oraba, akatoka nalo mlangoni. Hakuna aliyemwita, maana kuzungumza kumekatazwa. Tulimwona kupitia dirishani anavuka uwanja, amejitwisha dawati kichwani kama mtu anayetoka kukata kuni.

Mtu wa kwanza kumsemesha alikuwa Mzee wa geti. Yeye mwenyewe alinisimulia baadaye.

"Wewe binti, unapeleka meza wapi?"

"Kaya."

"Kaya? Na miguu? Kaya iko mbali, mtoto yangu. Weka chini kwanza, pumzika."

Aliliweka chini, akaketi juu yake, akaacha kusema kabisa. Mzee alimpa chai katika kikombe chake mwenyewe. Hakuinywa, ila alikishika kikombe mpaka chai ikapoa.

Mama yake alikuja kumchukua kesho yake kwa bodaboda. Alipita nje ya darasa letu akiwa na godoro la mwanawe, akasimama mlangoni, akatutazama mmoja mmoja. Akauliza, "Rafiki yake iko nani hapa?"

Makamu ndiye aliyemjibu. "Mama, samahani. Hii iko saa ya kusoma."

Yule mama aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa vizuri, akaenda zake. Hakuna hata mmoja wetu aliyemsindikiza mtoto yule getini.

Jioni ileile majina yakasomwa. Jina la Ayikoru lilirukwa, na wote waliokuwa nyuma yake wakasogea. Mimi nilikuwa wa kwanza katika mstari wa Karuma. Nikaingia Kampala. Dawati langu lilikuwa limevunjika ubao, hivyo wakanipa la Ayikoru, ambalo Mzee wa geti alikuwa amelirudisha. Wakanipigia makofi. Ndivyo nilivyofika Kampala, Baba. Alama zangu zilikuwa zilezile za zamani. Aliyekuwa mbele yangu ndiye aliyeanguka. Siku chache baadaye ikafika sukari yako, na sabuni, na yale maneno ya dereva.

Mwalimu wetu wa Kiswahili ni mtu wa kijiji kimoja na Ayikoru. Jumapili iliyopita aliniombea ruhusa tukaenda kumwona. Tulimkuta uani anamenya mihogo na dada zake. Amekonda. Alinijua, akaniwekea kigoda, akanipa kisu na mimi nimenye. Tukamenya mihogo kadhaa. Kisha akaniuliza bila kuinua macho:

"Mahali pangu nani anakaa?"

"Mimi."

"Dawati?"

"Lako."

Akafikiri. "Mguu mmoja mfupi. Weka karatasi chini, la sivyo mwandiko utaharibika."

Hilo ndilo alilonipa, Baba, ushauri wa mwandiko. Mama yake akasema pale jikoni, si kwa hasira, "Tulipeleka mutoto ya kuimba, wakaturudishia hii." Mwalimu akainamisha kichwa. Tuliporudi niliukunja ukurasa wa daftari nikauweka chini ya ule mguu. Kweli, dawati limetulia.

Najua utakaposoma hapa utasema nimeogopa, nataka kutoroka masomo. Nakuomba uniamini: sitaki shule rahisi. Nikienda shule ambayo watu wanacheza tu, pampu ya Koboko nitaitengeneza na nini? Nataka shule inayochuja kwa alama kama hii, ambako ukiingia unajua umestahili. Lakini nataka pia nitoke humo nikiwa mtu. Mwanzoni nilidhani shule kama hiyo haipo, kwamba lazima mtu achague alama au achague uhai wake. Mwezi huu nimeona moja.

Ni ile shule ya wasichana iliyo nje ya mji, ukishika barabara ya kurudi kwetu. Mwalimu wa Kiswahili alitupeleka huko kwa mdahalo. Wao pia hawapokei kila mtu; kidato cha tano wanataka alama za juu kama hapa, na mwalimu anasema watoto wao wanafika vyuo vikuu sawa na wa kwetu. Mada ilikuwa kama mitihani inapima akili. Sisi tulikuwa tumekariri kila neno. Wao walisikiliza tulichosema ndipo wakajibu, na kwa sababu hiyo walitushinda vibaya. Baada ya hapo msichana mmoja aliyeongoza upande wao, jina lake Fatna, anatoka Yumbe, alikuja kukaa nami kwenye chakula.

"Wewe unajua sana," akaniambia. "Lakini ninyi wote munasema kama watu iko kwa matanga. Nani amekufa huko kwenu?"

Nikamuuliza wanasoma saa ngapi.

"Saa ya kusoma tunasoma, mpaka ukidondosha kalamu wanakuangalia vibaya. Saa ya kucheza, tunacheza. Mutu akisoma saa ya netiboli tunamfukuza maktaba."

"Mnamfukuza?"

"Tunamubeba! Mimi mwenyewe nimebebwa."

Wenzake wakacheka, wakasema ni kweli na kwamba alikuwa mzito. Baada ya chakula walipiga ngoma, Wakristo na Waislamu pamoja, na wasichana wawili wa Koboko wakacheza doluka, ile ngoma ya kwetu, vibaya kabisa. Haboba angewanyang'anya ngoma awaonyeshe wanawake wa kwetu wanavyocheza. Nilitaka kusimama nicheze nao. Miguu ilikataa, nikabaki nimekaa na sahani.

Hapo nikamkumbuka Shangazi Zamzam. Baba, wewe dada yako unamjua. Kabla ukoo wetu haujamwoza binti yeyote, wanamtuma yeye kwenda kuitazama nyumba atakayoolewa. Haendi siku ya kualikwa. Anakwenda saa ya kupika bila taarifa, kama mpita njia, anaomba maji ya kunywa, anakaa. Aliwahi kunieleza anachotafuta. Haangalii sufuria wala mabati. Anaangalia nani anayeleta maji, anayaleta kwa uso gani, na wanawake jikoni wanaendelea kuzungumza au wananyamaza. "Nyumba ambayo wake hawasemezani jikoni," alisema, "hata wakikupa ng'ombe wote wa Koboko, usiwape mtoto." Dada Rukia alikatazwa kuolewa nyumba ya tajiri kwa sababu hiyo, na leo wewe mwenyewe unamsifu mume aliyempata.

Basi nilinyanyuka, nikazunguka nyuma mpaka jikoni kwao, nikaomba maji. Wasichana waliokuwa zamu ya kuosha vyombo wakagombana nani alete. Mmoja akachota, mwingine akamsukuma, maji yakamwagika nusu, wakacheka, mpishi akawakemea huku na yeye anacheka. Nikapewa kikombe kilicholowa mpaka nje. Nikanywa. Sijui kwa nini machozi yalinitoka, nikasingizia moshi.

Niliporudi hapa nilifanya vilevile. Saa ya chakula cha mchana nilienda dirisha la jikoni nikasema, "Naomba maji." Wasichana wa zamu walinitazama, wakatazama kama makamu yupo, wakainama tena kwenye masufuria. Siwalaumu. Hata mimi ningekuwa zamu siku hiyo ningeinama.

Lakini sitaki kukudanganya. Mimi kule nilikwenda siku ya mdahalo, na siku ya wageni hata nyumba mbaya hufagia. Pengine nimeona kilichofagiliwa. Wewe nawe, kwa heshima zote Baba, hapa ulikuja siku ya wazazi. Ulituona tumesimama mistari, kimya, viatu vinang'aa, ukasema, "Hapa iko nidhamu, kama kikosi." Sikulaumu, ulitazama kwa jicho la askari. Lakini askari huyohuyo alinifundisha jambo lingine tulipokuwa tunatembea asubuhi kwenda shule ya msingi. Ulisema jeshini mnakimbia mkiimba, na si kwa raha, bali kwa sababu anayeimba anapumua. Ulisema anayekimbia kimya ndiye anayeanguka kwanza, na kikosi kizima kinamsikia kwa kutomsikia. Mimi nilimsikia Ayikoru alipoacha kuimba, Baba. Na sasa najisikia mwenyewe. Juzi jirani yangu alipelekwa kupimwa malaria, na wazo la kwanza lililonijia ni nani atakosa jaribio. Sikuzaliwa na wazo hilo. Hamkunilea nalo.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Sikuombi uchague shule ninayoitaka mimi. Naomba Shangazi Zamzam atumwe kwenye shule zote mbili, siku ya kawaida, saa ya kupika, bila kusema yeye ni nani, kama anavyofanya anapomtafutia binti nyumba. Miaka miwili ni mingi kukaa katika nyumba ya watu. Atakachokiona ndicho atakachokuambia, na mimi nitakikubali hata kama kitakuwa kinyume na ninavyotaka. Akisema shule ya kule ni kelele tupu, nitabaki hapa na sitalalamika tena.

Mwambie kwamba hapa aulize kwa Mzee wa geti kwanza. Yeye hujibu.

Msalimie sana Mama, umwambie ushanga wake bado ninao ingawa haturuhusiwi kuuvaa. Msalimie Haboba, bingwa wa doluka, na umwambie wale wasichana wawili wanahitaji mwalimu. Salamu kwa Dada Rukia na mume wake aliyepimwa kwa kikombe cha maji. Salamu kwa kaka yangu Juma anayechunga mbuzi, asiwapeleke karibu na barabara ya malori. Na yule mama wa chai wa Oraba anayekuwekea kiti kwenye kivuli, mwambie namshukuru, kwa kuwa najua bila yeye ungesimama kutwa.

Dereva atapita hapa tena akirudi kutoka kwenu. Mpe jibu lako, hata likiwa la mdomo, ila tafadhali asilitangaze getini.

Mimi binti yako anayekuheshimu,
Mariamu

Baba, naomba unijibu jambo hili moja, hata kama mengine utayaacha: Shangazi akiomba maji hapa na asipatikane wa kumletea, bado utaniacha hapa?